Kibaba cha Mzee: Historia ya Mlo wa Wazee Maskini wa Marekani

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Msemo huu aghalabu hutumiwa kumsifu mwenye subira anayeweka akiba kidogo kidogo, lakini ndani yake limo jambo jingine lisilotajwa sana. Kabla ya kibaba kujazwa, huwa yupo mtu aliyekwisha kuamua kina chake na upana wake. Anayepimiwa hupokea kwa kadiri ya chombo, na njaa yake, iwe kubwa au ndogo, haina kauli katika uamuzi huo.

Historia ya chakula cha wazee maskini nchini Marekani katika karne ya ishirini ni historia ya vibaba vya namna hiyo. Nchi hiyo, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa na ngano nyingi kiasi cha serikali kununua ziada na kuihifadhi ghalani, ilijikuta ina wazee waliokuwa wakidhoofu vyumbani mwao kwa kukosa mlo wa kutosha. Katika juhudi za kuwasaidia vilibuniwa vipimo vitatu kwa zamu: kipimo cha bei ya chakula, kipimo cha sahani moja kwa siku, na kipimo cha maswali kumi. Kila kimoja kilibuniwa na watu wenye nia njema na elimu ya kutosha. Kila kimoja kilifichua sehemu ya njaa iliyokuwa haijaonekana, na kila kimoja kiliacha sehemu nyingine gizani. Sehemu iliyochelewa kuliko zote kupewa uzito wake ni ile ya mzee anayekaa mbele ya chakula akiwa hana wa kula naye.

Vigari vya watoto na malaika wa sahani

Desturi ya kupeleka mlo uliopikwa mpaka mlangoni kwa mzee ilianza kupata sura yake Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1938, vita vikiwa vinanukia, Lady Reading aliunda chama cha wanawake wa kujitolea kilichojulikana kwa kifupi kuwa WVS. Ndege za Ujerumani zilipoishambulia miji ya Uingereza kwa mabomu mwaka 1940 na 1941, watu wengi walipoteza nyumba, na pamoja na nyumba wakapoteza meko. Wanawake wa WVS waliwapikia walioachwa bila makazi. Kisha ikadhihirika kwamba wamo wazee na wagonjwa ambao hata hicho chakula cha jumuiya hawana nguvu za kukifuata. Mwaka 1943, katika mji wa Hemel Hempstead, kaskazini-magharibi ya London, milo ikaanza kupelekwa majumbani mwao. Vita vilipomalizika kazi haikumalizika. Mwaka 1947, katika mji wa Welwyn Garden City, wanawake hao walikuwa wakipita mitaani wakisukuma vigari vikuukuu vya watoto wachanga, na ndani ya vigari hivyo hamkuwa na watoto bali vyakula vya wazee.

Serikali ilifuata nyuma kwa mwendo wa taratibu. Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 iliziruhusu serikali za mitaa kuvichangia fedha vyama vya hiari vilivyowalisha wazee, lakini halmashauri zenyewe hazikupewa ruhusa ya kutoa huduma hiyo mpaka sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1962. Kwa miaka 14, basi, mlo wa mzee wa Kiingereza ulitegemea kama katika mtaa wake walikuwapo wanawake wenye nafasi na moyo wa kumkumbuka.

Wazo hilo likavuka bahari ya Atlantiki. Januari 1954, Margaret Toy, mfanyakazi wa huduma za jamii katika kituo cha Lighthouse mjini Philadelphia, alianzisha mpango wa kwanza wa aina hiyo nchini Marekani. Kituo chenyewe kilikuwa Kensington, mtaa wa viwanda vya nguo, ambako wazee wengi walikuwa wamefanya kazi tangu ujana na sasa walikuwa wakizeeka katika nyumba zilizopangana ukuta kwa ukuta. Mzee aliletewa mlo wa moto wa mchana, na pamoja nao mkate wenye kitoweo na maziwa ya kula jioni. Wapishi, wafungaji na wapelekaji wengi walikuwa vijana wa shule za sekondari, nao walipewa jina la Malaika wa Sahani. Columbus, katika jimbo la Ohio, ukafuata mfano huo kwa njia yake: chakula kilipikwa na mikahawa ya mjini na kupelekwa na madereva wa teksi.

Katika hatua hiyo ya mwanzo hapakuwa na kipimo kilichoandikwa. Aliyepeleka sahani alimjua aliyeipokea, naye aliporudi siku ya pili aliweza kuona kama ya jana ililiwa. Huo ulikuwa uchunguzi wa lishe, ingawa haukuitwa hivyo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: ulimfikia mzee wa Kensington, na haukumfikia mzee wa mtaa ambao haukuwa na mtu kama Toy.

Kipimo cha bei

Wakati vijana wa Philadelphia wakibeba sahani zao, hapakuwa na mtu Marekani aliyeweza kusema kwa yakini wazee maskini walikuwa wangapi. Aliyeifanya kazi ya kuwahesabu alikuwa mwanamke, Mollie Orshansky, aliyezaliwa New York mwaka 1915 katika familia ya wahamiaji kutoka Ukraine. Utotoni aliwahi kusimama na mama yake katika foleni ya kupokea chakula cha msaada. Alifanya kazi katika Wizara ya Kilimo kabla ya kuhamia Idara ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1958, na katika wizara hiyo ya kwanza alijifunza mambo ya bei za vyakula ambayo baadaye yalimfaa.

Njia yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Wizara ya Kilimo ilikuwa na hesabu ya chakula cha bei ya chini kabisa, kilichokusudiwa kutumiwa kwa muda tu na familia iliyoishiwa fedha. Uchunguzi wa mwaka 1955 ulikuwa umeonyesha kwamba familia za watu watatu na zaidi zilitumia takriban thuluthi ya kipato chao kwa chakula. Orshansky aliichukua gharama ya chakula hicho, akaizidisha mara tatu, na kwa familia ndogo zaidi akairekebisha hesabu. Kilichopatikana ndicho kilichokuja kuitwa mstari wa umaskini. Makala zake za mwaka 1963 na 1965 zilitokea wakati mwafaka, maana Rais Lyndon Johnson alikuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini Januari 1964 na wasaidizi wake walihitaji namba. Mwaka 1969 kipimo hicho kikafanywa kuwa kipimo rasmi cha takwimu za taifa.

Kilichofichuliwa kilitisha. Hesabu za nyuma zilipofanywa kwa kipimo hicho, ilionekana kwamba mwaka 1959 asilimia 35 ya Wamarekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa maskini. Hakuna kundi jingine la umri la watu wazima lililokuwa na hali mbaya kama hiyo. Ni baada ya malipo ya uzeeni kuongezwa mara kadhaa, pamoja na nyongeza ya asilimia 20 iliyopitishwa mwaka 1972, ndipo kiwango kiliposhuka hadi karibu asilimia 15 katikati ya miaka ya 1970. Bila ya kipimo cha Orshansky, fedheha hiyo isingekuwa na namba, na jambo lisilo na namba ni shida kulitetea mbele ya watu wa bajeti.

Lakini ndani ya kipimo hicho mlikuwa na shimo. Kwa kuwa kilijengwa juu ya chakula, na kwa kuwa hesabu za Wizara ya Kilimo zilichukulia kwamba mzee hula kidogo kuliko kijana, mstari wa umaskini wa mzee uliwekwa chini ya ule wa kijana. Tofauti hiyo haijaondolewa mpaka leo. Kwa mtu anayeishi peke yake, mstari wa mwenye miaka 65 na zaidi uko chini kwa takriban asilimia 8. Matokeo yake ni ya ajabu: watu wawili wenye kipato sawasawa wanaweza kukaa nyumba moja, yule mdogo akahesabiwa kuwa maskini na yule mzee akahesabiwa kuwa si maskini, kwa sababu tu tumbo lake limekadiriwa kuwa dogo.

Elimu ya lishe imeonyesha mahali penye kosa. Ni kweli kwamba mwili wa mzee huhitaji nguvu kidogo zaidi kutokana na chakula, kwa kuwa misuli hupungua na harakati hupungua. Lakini mahitaji ya protini, chokaa na vitamini hayashuki pamoja nayo, na mengine hupanda: wataalamu wa Marekani humtaka mtu aliyevuka miaka 70 apate vitamini D nyingi kuliko kijana, na tumbo la wazee wengi hushindwa kuifyonza vyema vitamini B12 iliyomo katika nyama na mayai. Hamu ya kula hufifia, ladha hupungua makali, kiu huchelewa kutoa taarifa, meno huadimika. Mzee, kwa hiyo, ahitaji sahani ndogo yenye vitu bora. Ugali wa ngano au viazi vitupu vyaweza kulijaza tumbo lake na kuuacha mwili wake na njaa. Chakula cha namna hiyo bora si rahisi. Samaki, maziwa, matunda na mboga mbichi ndivyo vinavyomaliza fedha haraka dukani. Wahesabuji waliona udogo wa sahani wakadhani ni udogo wa gharama.

Juu ya hayo kuna dawa. Mstari wa mwaka 1965 haukuwa na nafasi maalumu ya fedha ambazo mgonjwa hutoa mfukoni mwake kwa matibabu. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilipoanza kuchapisha kipimo cha ziada kinachokata gharama hizo kwanza kabla ya kuhesabu kipato, idadi ya wazee maskini ilipanda juu ya ile ya kipimo rasmi. Wazee hao walikuwapo siku zote. Orshansky mwenyewe hakukiona kibaba chake kuwa cha milele, na alikuwa miongoni mwa waliotaka kirekebishwe. Waliokishika baada yake ndio waliong'ang'ania.

Kipimo cha sahani

Julai 1965 Rais Johnson alitia saini Sheria ya Wamarekani Wazee, siku chache kabla ya ile iliyoanzisha bima ya matibabu ya wazee. Sheria hiyo haikuwa na mlo ndani yake. Mlo uliingia kwa mlango wa majaribio: kuanzia mwaka 1968 Congress ilitoa fedha kwa miradi 32 ya kujaribu njia mbalimbali za kuwalisha wazee, kwa muda wa miaka mitatu. Ilikuwa miaka ambayo njaa ilizungumzwa kwa sauti Marekani. Mwaka huohuo wa 1968 televisheni ya CBS ilionyesha filamu kuhusu njaa nchini humo, na Desemba 1969 ukafanyika mkutano wa Ikulu kuhusu chakula, lishe na afya.

Miradi ile ilifundisha jambo ambalo bei ya vyakula isingelifundisha. Wazee wengi walikuwa na kitu cha kununulia chakula, wala hawakupika. Mjane aliyekuwa akipikia watu sita kwa miaka 30 hakuona sababu ya kuwasha jiko kwa ajili yake mwenyewe. Mume aliyefiwa na mke hakuwahi kujifunza kupika. Wengine hawakuweza kupanda ngazi na kikapu. Machi 1972, Rais Richard Nixon alipotia saini mpango wa taifa wa lishe ya wazee, uliopigiwa debe na Seneta Edward Kennedy na Mbunge Claude Pepper, sababu zilitajwa ndani ya sheria yenyewe, nazo ni nne: kukosa uwezo wa kifedha, kukosa ujuzi wa kuchagua na kuandaa chakula, kushindwa kwenda sokoni na kupika, na, ya nne, upweke na kujiona umetupwa, hali inayomwondolea mtu shauku ya kupika na kula peke yake. Si mara nyingi sheria ya fedha za umma ikaandika huzuni kuwa sababu ya njaa.

Kwa kuwa ugonjwa ulitambuliwa hivyo, dawa ilifuata. Fedha za mwaka 1972 zilikusudiwa hasa kwa mlo wa pamoja. Makanisa, shule na kumbi za mitaa zilifunguliwa, meza zikapangwa, na wazee wa miaka 60 na zaidi wakaalikwa pamoja na wake au waume zao. Mlo ulitakiwa kuwa wa moto angalau mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na uwe na si chini ya thuluthi ya mahitaji ya mwili ya siku nzima. Jambo la busara zaidi lilikuwa lile ambalo hawakuulizwa. Hakuna mzee aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake ili apewe kiti. Mwenye kuweza alitia mchango wa hiari, asiyeweza alikula vilevile, na aliyekaa kando yake hakujua tofauti. Waliotunga sheria walifahamu kwamba mzee aliyejitegemea maisha yake yote yuko radhi kulala na njaa kuliko kusimama dirishani na vyeti vya ufukara. Ushahidi wa jambo hilo umeonekana katika msaada wa serikali wa kununulia vyakula, ambako mzee hana budi kuomba na kuulizwa kipato chake: kwa miaka mingi chini ya nusu ya wazee wenye haki ya msaada huo ndio waliouchukua.

Hata hivyo sahani nayo ni kibaba, na hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Wiki ina milo 21. Mpango huo ulitoa mitano. Thuluthi ya mahitaji ya siku, kwa siku tano, huacha thuluthi mbili za kila siku na kuiacha Jumamosi na Jumapili nzima. Kwa mzee mwenye akiba jikoni hilo halikuwa tatizo. Kwa yule asiye na kitu, sahani iliyokusudiwa kuwa thuluthi iligeuka kuwa yote. Walioendesha huduma hizi wamewashuhudia wazee wakila nusu mchana na kuifunika nusu kwa ajili ya usiku. Wamewashuhudia pia wakigawana sahani na paka au mbwa, kiumbe pekee aliyebaki nyumbani, hata baadhi ya vituo vikaanza kupeleka na chakula cha mnyama ili cha mzee kisalie.

Mabadiliko mengine yalikuja kutoka hospitali. Marekebisho ya mwaka 1978 yaliutengea fungu lake mlo wa kupelekwa nyumbani, kwa ajili ya wasioweza kutoka. Kuanzia Oktoba 1983 serikali ikabadili namna ya kuzilipa hospitali kwa wagonjwa wazee: badala ya kulipa kwa siku, ikalipa kiasi maalumu kwa aina ya ugonjwa. Hospitali zikawa na sababu ya kumruhusu mgonjwa mapema, naye akarudi nyumbani akiwa bado dhaifu. Milo ya mlangoni ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeipita ile ya mezani. Mpango uliozaliwa kwa ajili ya kuwatoa wazee katika upweke ulikuwa sasa unawalisha wengi wao ndani ya upweke huohuo.

Kipimo cha maswali kumi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa familia, wataalamu wa lishe na watetezi wa wazee waliungana kutafuta njia ya kumtambua mzee aliye hatarini kabla hajaanguka. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa sehemu katika kampuni iliyouza vinywaji vya lishe, jambo ambalo halikukosa wakosoaji. Matunda ya kazi yalikuwa orodha ya maswali kumi ambayo mzee aliweza kuyajibu mwenyewe kwa kalamu, na kila jibu la ndiyo lilikuwa na alama zake.

Kukosa fedha za kununulia chakula kulipewa alama 4, nyingi kuliko zote. Kula chini ya milo miwili kwa siku, 3. Alama 2 zilitolewa kwa kila moja ya haya: ugonjwa uliobadili ulaji, uhaba wa matunda, mboga na maziwa, vileo vitatu au zaidi karibu kila siku, matatizo ya meno au kinywa, kupungua au kuongezeka ratili 10 katika miezi sita bila kukusudia, na kushindwa wakati mwingine kununua, kupika au kujilisha. Yalibaki mambo mawili yenye alama moja moja: kumeza dawa tatu au zaidi kwa siku, na kula peke yako mara nyingi. Aliyepata 0 hadi 2 aliambiwa yu salama. 3 hadi 5, hatari ya wastani. 6 na zaidi, hatari kubwa.

Alama hizo hazikuokotwa. Zilipangwa kwa kulinganisha majibu ya wazee wa New England na virutubisho walivyokula na afya yao walivyoieleza, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1993. Faida yake haina shaka. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida, asiye daktari, aliweza kuketi na mzee na kumuuliza jambo ambalo daktari mwenyewe alilisahau: Je, fedha za chakula zakutosha? Na kwa kuiweka fedha juu ya yote, orodha ilikataa uongo wa siku nyingi kwamba mzee hudhoofu kwa kutojua kula vizuri. Wengi walijua, walichokosa ni cha kununulia.

Lakini na afikiriwe mjane mmoja. Watoto wako mbali, majirani aliowazoea wamekufa au wamehama. Anakula peke yake asubuhi na jioni, na anameza vidonge vya shinikizo la damu, vya sukari na vya moyo. Orodha inampa alama 2 na kumwandika kuwa salama. Hajaulizwa lini mara ya mwisho mtu alikaa mbele yake mezani. Mwezi wa pili atakapoanza kuruka chakula cha jioni kwa kuwa haoni ladha yake, mwezi wa nne nguo zitakapomlegea, hapo alama zitapanda. Orodha itamwona akiwa amekwisha kuanza kuteremka. Waliotunga sheria ya mwaka 1972 waliuweka upweke miongoni mwa sababu nne. Wapimaji wa miaka ya 1990 waliupa alama moja kati ya 21.

Wasiokuwa waadilifu wangeweza kuwalaumu watunzi wa orodha kwa hilo. Ukweli ni kwamba walikuwa wakipima virutubisho, na upweke hauonekani katika virutubisho mpaka umekwisha kufanya kazi yake. Wao wenyewe walisema orodha ni ya kuzindua watu, si ya kuthibitisha ugonjwa. Kibaba kikishatengenezwa, hata hivyo, hutumika mbali na mkono wa fundi wake, na orodha hiyo ikatumika kutoa taarifa na kupanga nani atangulie katika foleni ya huduma.

Tathmini kubwa ya taifa iliyofanywa katikati ya miaka ya 1990 iliwakuta thuluthi mbili au zaidi ya waliotumia mlo wa mpango huu wakiwa katika hatari ya wastani au kubwa. Namba hiyo ilisomwa kwa njia mbili. Wako walioona kwamba mpango umeshindwa, kwani inakuwaje wanaolishwa wawe hatarini? Wako walioona kwamba umefaulu, kwani umewafikia wenye shida. Wa pili walikuwa karibu zaidi na haki, kwa kuwa tathmini hiyohiyo ilionyesha kwamba washiriki walikula vizuri kuliko wenzao wasiohudumiwa. Lakini wote wawili waliipita hesabu ya milo mitano kati ya 21. Mtu aliyepewa theluji ya kutosha kuzima kiu cha mchana hawezi kuulizwa mbona usiku ana kiu.

Mgeni wa adhuhuri

Waswahili wana msemo mwingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekuja na sahani mlangoni ni mgeni wa aina ya pekee, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba kitoweo. Iwapo mwenyeji hupona kwa kitoweo au kwa ugeni lilikuwa swali ambalo lilingoja miongo mingi kupata jibu la kitaalamu.

Lilipimwa katika mwongo wa pili wa karne hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown waliwachukua wazee 626 waliokuwa katika orodha za kusubiri za vituo vinane, wakawagawa kwa kura. Wa kwanza waliletewa mlo wa moto kila siku ya kazi. Wa pili waliletewa mara moja kwa wiki milo iliyogandishwa. Wa tatu waliendelea kusubiri kama ilivyokuwa. Baada ya wiki 15, waliotembelewa kila siku ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika wasiwasi na upweke, hasa wale waliokuwa wakiishi peke yao. Waliopata milo iliyogandishwa hawakulingana nao. Kwa bei, milo iliyogandishwa ina faida: gari moja hutosha kwa wiki nzima. Kilichoachwa nje ya bei hiyo ni hodi nne.

Mwaka 2020 historia ikaleta mtihani wake. Machi, ugonjwa wa korona ulipoenea, kumbi za mlo wa pamoja zilifungwa nchi nzima, na wale waliokuwa wakila mezani wakawa nao watu wa kupelekewa. Congress ilipitisha kwa haraka sheria mbili zilizoongeza dola milioni 250 na kisha milioni 480 kwa ajili ya milo ya wazee, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi vituo vingi havikulia fedha. Sahani ziliongezeka; wageni wakapungua. Aliyeleta alilitua furushi kizingitini, akabisha, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapunga mkono. Nchi iligundua upya kile kilichoandikwa mwaka 1972, na vituo vingi vikaanza kuwapigia wazee simu kwa zamu ili tu kuzungumza nao.

Fedha za dharura zilikwisha, bei za vyakula zikapanda kwa kasi mwaka 2022, na orodha za kusubiri zikarudi. Mpango unaowahudumia zaidi ya wazee milioni mbili kwa mwaka bado ni kibaba kidogo mbele ya njaa yenyewe, na mstari wa umaskini wa mzee bado uko chini ya ule wa kijana. Mwenye jina katika orodha ya kusubiri hajanyimwa, wala hajapewa. Katika daftari yuko baina ya mambo mawili, na jikoni kwake hakuna cha baina.

Vipimo vitatu hivyo havistahili kutupwa. Bila bei, wazee maskini wasingehesabiwa. Bila thuluthi ya siku, sahani ingekuwa chochote ambacho mpishi aliona chafaa. Bila maswali kumi, aibu ya kukosa fedha ingebaki siri ya mzee na kabati lake. Lakini kongwe kuliko vyote ni kile cha Philadelphia cha mwaka 1954, nacho hakijawahi kupewa alama. Ni kijana anayepiga hodi adhuhuri, akakaribishwa ndani, akaweka sahani mezani, na kabla ya kuaga akatazama kama ya jana imeliwa.